Kaktasi Imtazame Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Desemba
Kaktasi yetu ina matumba! Mwaka mzima imekaa dirishani sebuleni, majani bapa yananing'inia, hakuna aliyeijali. Leo karibu kila ncha ina tumba jekundu. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Hatuna kitu kizuri kuliko hiki ndani ya nyumba, televisheni ikiwemo.

Mama mkwe anakuja Jumapili. Kaktasi yake, aliyorithi kwa marehemu mama yake, imeoza kwa mvua za mwaka huu. Zimebaki mbili tu zilizotokana nayo: yetu, tuliyopewa siku ya harusi, na ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi anayeishi ghorofa ya chini. Mama atakata kipande kwenye ile itakayomgusa moyo, aanze upya. Lazima iwe yetu.

Jumanne, 9 Desemba
Mama mkwe amepiga simu. Amemwambia mke wangu kaktasi ikishatoa matumba isihamishwe wala isigeuzwe, itayaangusha. Namheshimu sana mama mkwe. Lakini matumba yote yanatazama nje, kwa majirani. Mgeni aje kuonyeshwa kisogo? Nimeizungusha. Sasa inatazama kiti kikubwa, atakapokaa yeye.

Alhamisi, 11 Desemba
Matumba kadhaa yameanguka. Mke wangu anasema mama yake hakai tena kiti kikubwa, mgongo unamsumbua, hukaa kile cha mbao karibu na mlango. Nimeihamishia juu ya kabati la vyombo, itazame mlango. Baadaye akakumbuka kwamba mlangoni kuna upepo, mama atapenda kochi. Nikaihamisha tena. Mengine yakaanguka. Nimeimwagilia maji mengi, itulie.

Nimeshuka kwa shemeji kutafuta siri yake. Ya kwake imechanua! Maua yamemwagika pande zote za chungu, mekundu, laini, yamepangana moja juu ya jingine. Nilisimama nimeduwaa, hata wivu ulichelewa kufika. Shemeji akasema hafanyi lolote, huwa anaisahau tu. Sikumwamini. Wanasema akili ni nywele, na kazi yake yeye ni kunyoa watu.

Jumamosi, 13 Desemba
Limebaki tumba moja. Mke wangu amesema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akaenda sokoni.

Vyungu vyetu vinafanana, mama alivinunua pamoja. Ufunguo wa akiba wa shemeji uko kwetu, na Jumamosi kinyozi hapati hata nafasi ya kupumua. Nimeshusha yetu, nimepandisha yake, nimeielekeza kwenye kochi. Jasho lilinitoka, lakini sebule iling'aa! Mke wangu aliporudi alisema kaktasi imepona ghafla. Nikamwambia ni maombi.

Jumapili, 14 Desemba
Mama mkwe amefika. Amekaa jikoni.

Baadaye akapita sebuleni, akaisifu kaktasi, akasema mkwe wake ana mkono mzuri. Nikavimba kichwa. Nikamletea kisu. Akasema hapana, kwanza ashuke kwa mwanawe aone na ile nyingine.

Yetu ilikuwa palepale nilipoiacha jana. Lile tumba moja lilikuwa limechanua. Mama mkwe akainama, akaligusa kwa ncha ya kidole. Kisha akasema hii ndiyo ya mama yake hasa: imeteseka, imekonda, na bado imetoa ua. Akakata kipande hapohapo huku machozi yakimlengalenga. Na mimi yakanilengalenga. Sijawahi kumpenda mama yule kama leo. Akambariki mwanawe kwa kutoikatia tamaa. Shemeji akazipokea baraka zote, akanitazama, akakoroga chai yake taratibu.

Jumatatu, 15 Desemba
Asubuhi nimeshuka kumwomba shemeji tubadilishane vyungu. Akauliza tubadilishane kwa nini, kwani kuna mtu aliwahi kuvibadilisha? Nikapanda ngazi kurudi kwetu. Lazima nikiri, shemeji ni mtu mwenye akili nyingi.

Basi hii iliyobaki kwangu ni yangu. Na ni nzuri mno! Mama mkwe atarudi Jumamosi kuitazama tena kabla hajasafiri. Mke wangu ameniapisha nisiiguse. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Ila sasa tunajua anapenda kukaa jikoni. Na ukiwa jikoni unaona majani tu.

Nimeizungusha. Kidogo tu.