Gari la Kuvuta Nyumba ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Kikao cha familia, sebuleni kwa mama mkwe. Viti vinne, watu saba. Mimi nilikalia ndoo.

Jambo lenyewe: mama mkwe anastaafu. Miaka thelathini na mmoja ya ukunga, na Jumamosi saa sita mchana anatakiwa kukabidhi funguo za nyumba ya hospitali kwa mkunga mpya. Kiwanja anacho, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Nyumba ya kukaa kiwanjani hana. Alicho nacho ni tela. Nyumba nzima juu ya magurudumu: chumba, jiko, choo, hata kabati la vikombe. Wajenzi wa barabara walilitumia, wakaliuza walipoondoka, yeye akalinunua bila kumshauri mtu. Limekaa nyuma ya wodi ya wazazi tangu mwaka jana.

Swali: nani ataleta gari la kulivuta?

Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, akakohoa. Yeye hukohoa kabla ya kusema ukweli, ili ukweli upate pa kukaa. Anafanya kazi kwenye mizani ya malori ya barabara kuu. Mtu anayelipwa mshahara kuwaambia wenzake kwamba wamezidi! Akasema tujue kwanza uzito wa tela, ndipo tutafute gari. Wote wakaitikia kwa vichwa kama waliosikia jambo jipya.

Nikasimama. Ndoo ikasimama nami kidogo, kisha ikaanguka. Nikatangaza kwamba gari nitaleta mimi, na Jumamosi mama atalala kwake. Mke wangu akanivuta shati. Mama mkwe akanitazama jinsi anavyowatazama, nadhani, wanaume wanaouliza leba itachukua dakika ngapi. Akasema, "Haya."

Haya! Miaka tisa ya ndoa, na hii ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Studio nimefunga. Tangazo mlangoni: MAJUKUMU YA KIFAMILIA. Wanaotaka picha za pasipoti watasubiri. Hakuna anayesafiri kwa haraka kiasi hicho.

Nimekwenda kwa dalali wa magari. Nimeona pikapu. Nyekundu! Taa za mbele zimekunja uso kama mtu aliyekanyagwa. Honi yake ilimfanya muuza miwa aliyekuwa ng'ambo ya barabara aangushe panga. Nikajua hili ndilo.

Dalali aliniambia gari hili linavuta mlima. Nikauliza mlima gani. Akasema wowote. Mtu wa uhakika, si kama wengine wanaoanza na maswali.

Mke wangu alikuwa amenisisitizia niulize habari ya gurudumu la tano, kwa kuwa matela ya namna hii hayaendi bila hilo. Nikazunguka nyuma, nikainama, nikaona tairi la akiba. Manne chini, moja la akiba: matano. Nikampigia simu nikamwambia lipo, tena jipya. Akakata simu. Nadhani alijawa na furaha.

Dalali ameniruhusu nilitumie kwa majaribio mpaka Jumamosi. Nimemwachia pikipiki kama amana. Kadi ya pikipiki ina jina la mke wangu, lakini hayo ni mambo ya karatasi.

Nikapitia kwa fundi wangu ili anipongeze. Akaizunguka pikapu mara mbili mikono nyuma, kama mtu anayetazama maiti asiyemfahamu. Maswali! Tela lina uzito gani? Bodi ya pikapu inabeba kilo ngapi? Breki za tela zitaunganishwa wapi? Nikamwambia sikuja kwenye usaili wa kazi.

Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba gurudumu la tano si gurudumu. Ni sahani ya chuma inayofungwa katikati ya bodi. Shingo ya tela inapanda juu ya bodi, pini yake inashuka ndani ya sahani, na sehemu kubwa ya uzito inaukalia mgongo wa gari. Kwa hiyo swali si gari linavuta nini tu, ni linabeba nini. Na hii bodi, alisema, ni fupi: ukikata kona, pua ya tela itaingia dirishani kukusalimu. Akamaliza kwa kusema kwamba kuvuta ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kusimama.

Nimegundua jambo: fundi na mwanyumba wanasali pamoja. Sisemi zaidi.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Sawa. Wanataka uzito, watapata uzito. Lakini kwenda kwenye mizani ya barabara kuu, nikamkute mwanyumba ndani ya kibanda chake na kalamu sikioni? Afadhali nimeze kalamu yenyewe.

Akili mali. Wodi ya wazazi ina mizani ya kupimia kina mama. Nikamwambia muuguzi wa zamu kwamba nimetumwa na mama mkwe. Si uongo, alinituma mwaka juzi kununua viazi. Nikaibeba mpaka nyuma ya wodi, nikaisukumia chini ya mguu mmoja wa mbele wa tela, nikalishusha tela kwa jeki, polepole, kwa heshima.

Mshale ulifika mia na hamsini, mwisho wa namba zote. Kisha ukapita mwisho. Sikujua kwamba inawezekana.

Nikaandika: kilo mia na hamsini na kitu. Mara miguu miwili: mia tatu na kitu. Magurudumu ya tela yamejibeba yenyewe, hayahesabiwi. Kumbe wepesi wote huu! Watu wazima wanakaa kikao kwa ajili ya kilo mia tatu!

Jioni mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake. Halafu akaniarifu kwamba mchana wa leo kila mwanamke aliyepimwa wodini amekutwa na kilo mia na hamsini, pamoja na msichana mwembamba aliyekuja kuleta chakula tu. Mmoja amelia. Mama mkwe amelazimika kuwatuliza mmoja mmoja, katika wiki yake ya mwisho kazini.

Nikasema vifaa vya siku hizi havidumu.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Fundi amekataa kufunga ile sahani ya chuma, ambayo kumbe ilikuja na tela, imelala chini ya kitanda. Alisema mkono wake hautaingia kwenye msiba huu. Nikampelekea fundi wa kuchomelea madirisha. Huyu ni muungwana: hakuuliza lolote ila kama nataka na maua pembeni. Nikakubali maua.

Kisha nikapata wazo ambalo, nasema bila kujisifu, hata mwanyumba na kalamu yake hangelipata. Kama tatizo ni uzito, punguza uzito! Nimetoa ndani ya tela kila kilichotoka. Jiko la gesi na mitungi yake miwili. Tangi la maji. Godoro. Mlango wa choo. Kabati la vikombe, kwa nyundo. Tela likainuka kidogo, nililisikia likipumua.

Vitu hivyo vyote nimevipakia nyuma ya pikapu, kuzunguka sahani, ili visafiri pamoja nasi.

Mke wangu aliangalia tela, akaangalia pikapu, akaangalia tela tena. Akaniuliza polepole, kwa sauti anayotumia kwa wageni, nani atakayelivuta tela kesho. Nikasema pikapu. Na nani atakayevibeba vitu? Nikasema pikapu. Akakaa chini. Wanawake huchoka haraka kwenye mambo ya mitambo.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Majaribio. Watu wamejaa: wauguzi wawili, mlinzi, mpishi wa hospitali, wagonjwa wanaoweza kutembea. Niliwapungia mkono.

Pini iliingia kwenye sahani kwa sauti nzuri kabisa. Nikaanza kuinua miguu ya tela. Hapo pikapu ikafanya jambo ambalo dalali hakulitaja. Ilikaa. Nyuma ilishuka mpaka bodi ikalalia matairi, mbele ikapanda, na zile taa zilizokunja uso zikawa zinaangalia mbinguni kama zinaomba radhi. Nilipoingia ndani niliona mawingu tu. Usukani ulikuwa mwepesi mno. Ukiugeuza, magurudumu ya mbele yanasikiliza lakini hayana ardhi ya kufanyia kazi.

Mlinzi akapiga kelele nisiende. Nikaenda.

Hatua ishirini, vizuri. Kabisa! Kisha geti, na kwenye geti kona. Nilikata. Pua ya tela ikaja taratibu, bila hasira, ikaingia kwa kioo cha nyuma mpaka karibu na sikio langu la kushoto. Nikakanyaga breki. Pikapu ilikubali. Tela halikuwa na habari hiyo, likatusukuma wote wawili mpaka kwenye nguzo ya geti. Ua moja la chuma lilikatika, likaruka, likamwangukia mpishi kwenye sufuria.

Geti limezibika. Gari la maji haliingii, gari la wagonjwa halitoki. Mwanamke mwenye uchungu aliteremshwa barabarani, akapitishwa chini ya shingo ya tela kwenye kitanda cha magurudumu. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekisukuma, ameinama. Alipofika usawa wa dirisha langu alisimama kidogo. Nilitarajia matusi. Hakutukana.

"Umeumia?" akauliza.

Nikasema hapana, mama.

"Basi shuka. Kaa mbali na chochote chenye magurudumu."

Mtoto alizaliwa nusu saa baadaye, wa kike. Nililisikia yowe lake nikiwa nimekaa ukingoni mwa barabara. Nikajikuta nafuta macho kwa shati. Labda vumbi.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Saa tatu asubuhi mizigo ya mama mkwe ilikuwa nje tayari. Masanduku mawili, cherehani, redio, mfuko wa sare nyeupe zilizopigwa pasi. Miaka thelathini na mmoja, na imeenea kwenye mkeka mmoja. Mkunga mpya alikuwa amefika na mumewe, wamesimama kando, wanaona aibu kuingia. Mama mkwe amekalia sanduku, funguo mkononi, anaangalia geti. Nikatamani kwenda kumwambia kitu. Nikaishia kufuta vumbi kwenye cherehani.

Saa nne mwanyumba akaja. Na gari! La mchimba visima, kaazima tu. Si zuri hata kidogo. Rangi ya matope, sura ya mkopeshaji. Lakini nyuma lina matairi manne, mawili kila upande, bodi ndefu, injini ya dizeli inayokoroma kama babu aliyeshiba, na waya wa kuunganisha breki za tela ili dereva akikanyaga, vyote viwili visimame pamoja. Fundi wangu alikuwa amekaa kiti cha abiria. Nilisema nini mimi?

Nikamwuliza mwanyumba, kwa dharau ya kutosha, ameujuaje uzito bila kupima. Akakohoa. Akanichukua kwa mkono mpaka kwenye mlango wa tela. Pembeni mwa mlango kuna kibati, kimepigiliwa misumari minne. Kilo elfu sita na mia nane, na sehemu ya tano yake inaukalia mgongo wa gari. Alikisoma siku alipolisaidia tela kuingia hospitalini. Akasema alitaka kunionyesha Jumatatu, lakini nilikuwa nimeshasimama kwenye ndoo.

Sikusimama kwenye ndoo. Nilisimama kutoka kwenye ndoo. Mtu wa vipimo, na hajui tofauti!

Walitumia saa moja na nusu kuitenganisha pikapu, kuhamisha sahani na kurudisha vitu vyote ndani ya tela. Saa sita kasoro robo mama mkwe alikabidhi funguo. Mkunga mpya alipiga goti kuzipokea. Wauguzi waliimba. Tela likatoka getini bila kugusa hata rangi, na mimi nikawekwa nyuma kabisa, kwenye gari la mke wa mwanyumba, na kabati la vikombe, lililokataa kurudi mahali pake, magotini.

Mlima ulipoanza, gari la matope lilipanda kama linalokwenda sokoni. Mteremko ulipokuja, lilishuka polepole, breki zote zikishika, na mle ndani mama mkwe alikuwa amelala usingizi. Nililiona hilo tulipowapita. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Sijawahi kumwona amelala.

Dalali amebaki na pikapu yake na pikipiki yetu. Mke wangu amesema tutaliongea hilo. Hakusema lini. Hiyo ndiyo sehemu inayotisha.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Tumelala kiwanjani, wote. Mwanyumba ameondoka alfajiri kwenda zamu, lakini si kabla ya kutoa amri: tela lisiguswe mpaka udongo ushindiliwe na mawe yawekwe chini ya miguu yake. Ameacha na mchoro. Wenye mishale!

Asubuhi mama mkwe alifungua dirisha la jiko akasema, kwa kawaida tu, kwamba angependa litazame upande wa kisima. Alisema hivyo huku akicheka. Alikuwa amefurahi. Lakini mimi nina masikio, na mkwe mwenye masikio haambiwi mara mbili. Mwanyumba amempa nyumba, sawa, anastahili. Nani atampa mandhari?

Nimetembea kwa jirani wa pili, mkulima wa alizeti. Ana trekta. Magurudumu ya nyuma yananifika begani! Halina bodi wala mahali pa kufunga sahani, lakini kamba ninayo, na ni kuzungusha kidogo tu, hata barabarani hatutoki. Kumwomba mtu avute nyumba nzima nusu mzunguko, hiyo si safari, ni salamu.

Mkulima ni mtu mstaarabu. Kanikubalia palepale, kesho asubuhi, mama mkwe na mke wangu wakiwa wamekwenda sokoni. Sikumwuliza trekta lake linavuta kiasi gani. Mtu anakuazima mali yake kwa moyo safi, halafu uanze kumhoji? Tumelelewa vizuri.