Lita Ishirini na Nane za Besi

Jumatatu, 28 Julai 1986
Bi Verna ametangaza leo mbele ya baa yake. Siku ya Uhuru mitambo miwili ya muziki itafungwa uwanjani kwake: wangu chini ya mshelisheli, wa mpinzani wangu Lascelles karibu na lango. Atakayetikisa zaidi uzio wa mabati atapewa Jumamosi zote za kupiga muziki hapo. Jumamosi hizo zilikuwa za marehemu baba, kisha zikawa zangu. Bila hizo mimi ni mtu mwenye masanduku tu.

Nimepita kwa Lascelles kumdodosa vipimo vya spika zake mpya za besi. Akanijibu nikapime jeneza la babu yangu kwanza, nikipata jibu nimletee. Sikukasirika. Hapa May Pen fundi wa mitambo hatoi vipimo vya kweli. Mimi mwenyewe nilimdanganya mtu wa Mandeville, na mpaka leo besi yake inakohoa.

Tena sina haja naye. Baba aliniachia neno: chumba kilichozibwa nyuma ya spika kiwe na lita 144. Kikipungua, besi hukabwa koo kabla haijafika kwenye tarumbeta, ile njia ya mbao inayopanuka mbele ya spika. Sentimita 60 mara 60 mara 40. Jibu, 144 kamili. Shule ina faida yake.

Alhamisi, 31 Julai
Sanduku limekwisha. Plaiwudi nene, karibu sentimita mbili, lisije likatetemeka. Chumba cha nyuma nimekipima kwa nje pande zote: 60, 60, 40. Hakuna unywele uliozidi. Mbele yake mbao zinapinda na kupanuka hadi mdomoni, kama tarumbeta la kanisani. Gundi na skrubu kila mahali. Halifunguki tena. Limebaki tundu la spika tu.

Jumamosi, 2 Agosti
Mtu makini huhakikisha. Shangazi Icilda alipokwenda kanisani kupanga maua, nikachukua gunia la maharage mekundu la mgahawa wake, nikaanza kuyamimina katika chumba hicho cha nyuma kwa mkebe wa lita moja. Lita ya 116, kimejaa. Nikatikisa. Kimejaa.

Lita 28 hazipo.

Nikabadili mkebe. 116. Labda maharage yamevimba kwa unyevu. Halafu nikakumbuka: jana Lascelles alikuja kuazima randa, akasimama muda mrefu karibu na sanduku. Mtu anaibaje lita, sijui. Lakini alipoondoka alitabasamu.

Nimeyatoa maharage kwa kikombe. Yaliyojificha pembeni mkono hauyafikii. Haidhuru.

Jumatatu, 4 Agosti
Shangazi kauliza mbona maharage yake yananuka gundi. Nikamwambia ndiyo maharage ya mwaka huu. Akanitazama. Akasema baba yangu naye alikuwa hivi hivi, ila yeye alijua kudanganya.

Dawa nimeipata. Sufuria mbili kubwa za Krismasi za Shangazi, kila moja lita 14 kwa kipimo changu cha nje. Nimetoboa matundu mawili mgongoni mwa sanduku, nikayafunika kwa sufuria, midomo ikitazama ndani. Mikanda ya bati, gundi, rangi nyeusi juu. Lita zangu zimerudi nyumbani.

Jumatano, 6 Agosti. Siku ya Uhuru
Naandika usiku huu huu.

Lascelles alipiga kwanza. Uzio ulilia. Chupa zilitembea mezani. Bi Verna alishika kofia yake kwa mikono miwili.

Zamu yangu. Besi ilitoka nyembamba, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Kisha likaja jambo jingine: tsha-tsha, tsha-tsha. Maharage yaliyobaki yalikuwa yakicheza mle ndani. Watu nao wakayafuata. Mmoja akauliza mpiga manyanga wangu amejificha wapi, atoke apewe kinywaji.

Nikaongeza sauti. Sufuria ya kushoto ikabanduka, ikabingirika hadi miguuni pa Shangazi Icilda, maharage yakiifuata kama vifaranga. Aliitambua licha ya rangi nyeusi. Akasema mbele ya umati kwamba kaka yake aliomba mtoto, akapewa sanduku, tena tupu.

Bi Verna akanishika bega. Pole mwanangu, Jumamosi ni za Lascelles. Angenitukana ningestahimili. Nimekunja waya peke yangu chini ya mshelisheli aliosimama baba.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi Lascelles kaja kurudisha randa. Nikamuuliza alizipeleka wapi lita zangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka.

“Profesa, besi inakaa ndani, wewe umepima nje. Kwani kwenu mbao hazina unene? Toa unene kila upande. Toa na spika yenyewe, nayo inakula nafasi. Baba yako ndiye aliyenifundisha.”

Nikamshukuru kwa heshima zote. Akaenda zake.

Nimekaa nikitafakari mpaka chai ikapoa. Fundi wa mitambo hatoi vipimo vya kweli. Sembuse kwa mpinzani. Sembuse bure. Kumbe anaogopa nikipima nje!

Sanduku jipya naanza kesho. 60, 60, 40, kwa nje, na plaiwudi nene maradufu. Safari hii nitahakikisha kwa mchele. Shangazi ana gunia zima.