Nyimbo Tatu za Kwanza

Meneja wa ukumbi alikuwa analalamika, na kulalamika mbele ya Lenzi ni sawa na kumpa mwizi ufunguo na kumwonyesha mlango. Jumamosi alasiri bendi kongwe kuliko zote mjini ingepiga katika uwanja wa nyuma ya ukumbi, na hakuna gazeti hata moja lililoahidi kuleta mpiga picha.

"Siku hizi bendi isipopigwa picha watu wanadhani imekufa," alisema meneja, akimwaga beji nane mezani. "Nimewatengea nafasi mbele kabisa ya jukwaa. Nimeweka uzio. Sasa nani atasimama pale, paka?"

"Niachie mimi," alisema Lenzi.

Lenzi hakuwa mpiga picha. Jina alilipata kwa lenzi kubwa aliyoivaa shingoni kwa kamba, bila kamera. Kwa lenzi hiyo alikuwa ameingia harusi asizoalikwa, akala, akasifiwa kwa kazi nzuri, na hakuna aliyewahi kumuuliza kamera yenyewe iko wapi.

"Ila sheria ni ile ile," meneja alionya. "Wapige picha nyimbo tatu za kwanza tu, halafu watoke. Wasipotoka, nina mabaunsa."

Sheria hiyo ipo kwenye maonyesho mengi, ili aliyelipa tiketi asikae jioni nzima akitazama visogo vya wapiga picha. Lenzi aliipokea kwa uso wa huzuni, huku moyoni akicheka. Wimbo mmoja wa bendi ile ulichukua nusu saa, na hapo bendi iwe na haraka. Mwimbaji akimaliza maneno yake magitaa yaliingia, na yakishaingia hayakuwa na habari ya kutoka. Nyimbo tatu za watu wale zilitosha mtu mwenye akili kufanya biashara, kufunga mzigo na kupanda basi la mbali.

Kamera alijua pa kuzipata. Binti wa mama yake mdogo alikuwa fundi wa kamera, na chumba chake cha kazi kilikuwa na rafu iliyojaa kamera zilizokufa, kila moja na vumbi lake.

"Dada, niazime maiti zako saba," alisema Lenzi.

"Za nini?"

"Zitavaliwa tu. Hakuna atakayebonyeza kitu."

Fundi aliweka chini bisibisi yake, ndogo kama kijiti cha kuchokolea meno. "Unazo beji za mbele ya jukwaa?"

"Ninazo."

"Basi sitaki hela. Nataka beji moja."

Lenzi hakuhitaji kuuliza kwa nini. Baba wa fundi, yaani baba mdogo wake Lenzi, ndiye aliyepuliza tarumbeta katika bendi ile tangu ianzishwe. Meno yake ya mbele yalikuwa yamelegea, na Jumatatu daktari angeyang'oa. Bila meno hayo midomo haina pa kuegemea, na tarumbeta haitoi sauti ila mafua. Jumamosi ingekuwa mara yake ya mwisho. Na miaka yote hiyo alisimama nyuma ya waimbaji, kiasi kwamba katika kila picha ya bendi alionekana kiwiko tu.

"Kiwiko chake ninacho tangu niko mtoto," alisema fundi. "Nataka uso wake akipuliza. Picha moja tu, kaka."

"Dada, hiyo ni damu yetu," alisema Lenzi, na macho yakamlowa kweli. Alikuwa na machozi ya karibu. Yalimsaidia sana kazini.

Basi akaingia mjini. Kwa mwenye maduka ya magodoro alisema, "Bosi, unataka kumwona mwimbaji kwa mbali kama wengine, au unataka jasho lake likudondokee?"

"Lakini mimi sijui kupiga picha."

"Nani kasema upige? Wewe shika. Na onyesho likiisha, chakula cha jioni na bendi nzima, nyuma ya jukwaa."

Mwenye magodoro alilipa palepale. Diwani mstaafu aliuliza jambo moja tu, kama watu wataweza kumwona akiwa pale mbele. Lenzi akamhakikishia kwamba watamwona mpaka wachoke, naye akalipa. Chakula cha jioni hakikuwepo, lakini hilo ni jambo ambalo mtu huligundua akiwa na njaa, na wakati huo Lenzi angekuwa ameshakaa kiti cha dirishani kwenye basi.

Ijumaa ilibaki beji moja, ile ya fundi. Siku hiyo Lenzi alipewa kazi ya kumsindikiza baba mdogo kwa daktari wa meno kwa uchunguzi wa mwisho, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo ambaye hakuwahi kuchelewa kazini, akiwa hana kazi.

Baba mdogo alilala kwenye kile kiti kinachoinama, mdomo wazi. Daktari alikuwa ameingiza kioo, kichokonoo na vidole vyake viwili.

"Kesho mzee anapiga, nasikia," alisema daktari. "Yule mwimbaji wao nampenda tangu niko chuoni. Tiketi zimeisha."

Lenzi aligusa mfuko wa shati. Msimlaumu haraka. Alijizuia kwa muda unaotosha mtu kupiga chafya.

"Ninayo nafasi moja ya mbele kabisa," alisema. "Ilikuwa ya binti fulani, lakini huyo amezoea kukaa nyuma. Na kuna chakula cha jioni, kinaanza wimbo wa tatu ukiisha. Mimi mwenyewe sitakuwepo, nina safari."

"Nakupa mara mbili ya bei."

"Aaa," alisema baba mdogo.

"Usiongee, mzee," alisema daktari.

Njiani kurudi baba mdogo hakutia neno. Lenzi alimwonea huruma, akidhani ni meno. Hakukumbuka kwamba daktari alikuwa ameziba mdomo tu, masikio aliyaacha.

Jumamosi fundi alifika mapema na kamera yake nzima, ile asiyomwazima mtu. Lenzi alimkuta kwenye uzio.

"Beji zimepungua, dada," alisema. "Nimejitahidi mpaka nimechoka."

Fundi aliangalia ndani ya uzio, akaona maiti zake saba zikining'inia kwenye vitambi vya watu, na daktari wa meno akiwa na ya nane aliyoinunua dukani asubuhi hiyo, bei bado imebandikwa. Akalia. Machozi yake hayakuwa ya kazini. Baba yake alipita na tarumbeta kwapani akielekea jukwaani, akamgusa bega.

"Kaa hapo hapo, mwanangu. Weka kamera tayari."

Lenzi alienda kwenye kibanda cha soda karibu na geti la pembeni, akaagiza baridi, akavuta kiti, kwani basi lake lilikuwa bado saa nzima. Begi la safari lilikuwa miguuni, na ada za waheshimiwa zilikuwa ndani ya begi.

Kiongozi wa bendi alishika kipaza sauti. "Leo mpuliza tarumbeta wetu anatuaga. Nyimbo za kufungulia kachagua yeye mwenyewe, na sisi hatuna la kubisha."

Wimbo wa kwanza ulikuwa ule mlio mfupi wa kutambulisha bendi. Uliisha mwenye magodoro akiwa bado anatafuta namna ya kutoa kifuniko cha lenzi. Wa pili ulikuwa tangazo la sabuni ambalo bendi iliwahi kurekodi redioni. Watu wazima wakaliimba kwa kelele, wakakumbuka hata harufu, na likaisha. Diwani mstaafu alikuwa ameishika kamera kinyume na kulitazama jicho lake mwenyewe. Wa tatu ulikuwa kile kipande cha kuwatakia wateja usiku mwema, kinachopigwa viti vikianza kupangwa. Watu wakatazamana.

Soda ya Lenzi ilikuwa haijafunguliwa.

"Wapiga picha, nyimbo zenu tatu zimeisha," alisema kiongozi wa bendi. "Asanteni. Sasa namwomba binti wa mzee apande huku juu, tuanze kazi."

Mabaunsa hawakubishana na mtu. Waheshimiwa wanane, kamera shingoni, walitolewa kwa geti la pembeni, na daktari wa meno akawa wa kwanza kumwona mtu wake.

"Wimbo wa tatu umeisha," alisema. "Chakula kiko wapi?"

"Kinapakuliwa," alisema Lenzi, akiinuka taratibu na begi.

"Na ile safari yako?"

Lenzi aliona geti limejaa watu, akaukimbilia ukuta. Alifika juu. Shati likanasa kwenye waya, mwenye magodoro akakamata begi, diwani akakamata mguu, na Lenzi akapiga ukelele uliosikika mpaka jukwaani.

Juu ya jukwaa fundi alikuwa ameshapata picha yake. Baba yake alikuwa amesogezwa mbele ya kila mtu, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa, kiwiko hakionekani kabisa. Aliposikia ukelele aligeuka, na kidole kikabonyeza chenyewe.

Begi lilifunguliwa palepale na kila mtu akachukua chake. Jumatatu meno yaling'olewa. Baba mdogo aliporudi nyumbani na pamba mdomoni alikuta picha yake ukutani, akasimama mbele yake muda mrefu, akalia bila kujificha. Hakuwahi kujua kwamba anapopuliza anakuwa hivyo.

Picha ya pili ilinunuliwa na daktari wa meno. Alikuwa ametafuta miaka mingi mdomo uliopanuliwa namna ile, meno yote thelathini na mawili yakionekana, meupe, bila hata tundu moja. Aliikuza ukubwa wa mlango, akaitundika pale wagonjwa wanaposubiri, chini yake maneno: NAWE UNAWEZA.

Lenzi aliiona wiki iliyofuata, alipompeleka baba mdogo kukaguliwa fizi. Alitoka hapo mbio hadi kwa fundi.

"Dada, ule mdomo ni wangu," alisema, akihema. "Umeuza mdomo wangu. Nataka fungu langu."

Fundi hakuinua uso kutoka kwenye kamera aliyokuwa akiifungua.

"Hela zimepungua, kaka," alisema. "Nimejitahidi mpaka nimechoka."