Mwenye Nyumba Aliyejipangisha

Redio ndiye aliyelianzisha. Ni fundi simu hapa Madina, mtaa wetu wa Accra, na hatoi redio sikioni hata akinywa uji. Jina lake halisi tumeshalisahau.

"Mmesikia huko? Serikali inataka kutoza ushuru vyumba vinavyokaa wazi. Wakaguzi watapita Accra nzima, wanachungulia madirishani!"

Benchi zima la Hajia Memuna, muuza uji wa mtama, tukamgeukia Mjomba Ntiamoah, ambaye sisi humwita Mipango. Ana nyumba ya vyumba sita, ndiyo pensheni yake yote. Chumba cha mwisho hakina mtu tangu mwaka jana kwa sababu bati limeoza.

Mipango akatafuna bagia yake taratibu. "Hainihusu. Nyumba yangu imejaa."

"Imejaa nini?" nikamuuliza. "Chumba cha mwisho kuku wanataga humo."

"Walikuwa wanataga, Mama Edem. Tangu Jumatatu kina mpangaji."

"Nani?"

"Mimi."

Kata ya Hajia ikabaki hewani.

"Umejipangisha mwenyewe?" Redio akauliza.

"Kihalali kabisa. Nimejilipa kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, kama mpangaji mwingine yeyote. Sipendi upendeleo."

"Hela umetoa wapi?"

"Akiba ya bati."

"Basi bado unayo. Imetoka mfuko huu ikaingia ule."

"Ilikuwepo," Mipango akasema kwa uchungu. "Mwenye nyumba ameshaila."

"Ameifanyia nini?"

"Ameweka vishikio vya chuma kwenye ngazi."

Tukaguna wote. Ngazi hiyo tunaijua. Wapangaji wale wengine watano waliingia siku moja, wakalipa miaka miwili siku moja, naye akatumia hela zote kujenga ngazi ya kupandia ghorofani. Ghorofa lenyewe halipo. Ukipanda mpaka juu, unasalimiana na kunguru, unashuka.

"Mjomba," nikamwambia, "wale watano kodi zao zinaisha Pasaka, zote siku moja. Wameapa mvua ikiwakuta chini ya mabati yale, wanahama. Utakula vishikio?"

"Vyumba vya Accra havikai wazi!"

"Kimekaa mwaka!"

"Hakijakaa! Nimo mimi!"

"Na kinavuja?"

Hapo akanywea. "Kinavuja vibaya, mama. Jana kimvua kile kidogo tu, godoro limelowa. Nimelalamika."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba. Mtu jeuri, hasikii!"

Mzee Okaitei, karani mstaafu wa mahakama, tunayemwita Hakimu, akagonga benchi kwa kijiko. "Kesi isikilizwe! Mpangaji akae kushoto, mwenye nyumba kulia. Mlalamikaji, sema."

Mipango akahamia kushoto. "Mheshimiwa, nimelipa miaka miwili, nalala na ndoo kifuani."

"Mwenye nyumba?"

Mipango akasogea kulia, njiani akamkanyaga Redio. "Aliingia akijua kinavuja. Hakuna aliyemlazimisha."

Akarudi kushoto. "Nilikuwa sina pa kwenda!"

Kulia. "Basi hama!"

"Nirudishie hela yangu!"

"Mzee, hiyo umeisemea upande wa kulia," Redio akamkumbusha. Mipango akaomba radhi, akahamia kushoto, akairudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Hela ziko kwenye ngazi," Hakimu akaamua. "Mpangaji akalale kwenye ngazi."

Hajia alicheka mpaka uji ukamwagikia moto. Mipango hakucheka. Alisimama. "Nahama! Siwezi kuishi na mtu wa namna hii. Mama Edem, wewe una chumba wazi?"

"Ninacho. Kina mwezi wa pili."

"Mbona unakunywa uji kwa raha hivyo?"

"Kwa sababu vyumba vyangu vinne huwa navihesabu vitatu. Na kila kodi inayoingia, fundi na gari la kunyonya choo wanakatiwa fungu lao kabla mimi sijagusa. Chumba kikikaa wazi, wanangu wanakula kama kawaida."

"Vizuri. Mimi nakitaka. Bei?"

"Miaka miwili, kwa mkupuo."

"MIAKA MIWILI?" Watu wa ng'ambo ya barabara waligeuka. "Huo ni wizi wa mchana! Sheria ya nchi hii inasema kodi ya mbele isizidi miezi sita! Mnatukamua sisi wapangaji kana kwamba si binadamu!"

Redio akazima redio. Sijawahi kumwona akiizima.

Tone la mvua likaangukia bakuli langu, kisha jingine. Tukaanza kukusanya vyombo.

"Mwenye nyumba," Hakimu akaita kwa upole, "umemsikia mpangaji? Miezi sita."

Mipango akatazama mawingu, akatazama upande wa kwake. Kisha akasogea taratibu mpaka mwisho wa kulia wa benchi, akakaa.

"Mimi," akasema, "sikuwepo alipokuwa anaongea."