Malalamiko Kuhusu Kucha za Sajini

Gatimu, Fundi wa Makochi,
Kyumbi, Machakos.
14 Agosti 2003

Kwa Naibu wa Chifu, Bw. Kaloki,

MINT: KUCHA ZA PAKA WA DADA YAKO

Mheshimiwa, najua Alhamisi ni siku yako ya baraza na watu wanakupangia foleni ya shida kutoka asubuhi. Ningekuja kupanga foleni pia, lakini shida yangu haisemeki mbele ya watu. Kwa hivyo nimeketi nikaandika.

Wanifahamu. Mimi ndiye yule fundi anayeanika makochi kando ya barabara ya Mombasa, na kochi unalokalia ofisini nililitengeneza kwa mikono yangu. Mshtakiwa ni paka dume mwenye michirizi miguuni, kwa jina Sajini, mali ya dada yako mkubwa Nthambi, ambaye anashona na kuuza vitambaa vya kochi ng'ambo ya barabara, tukitazamana. Sisahau kwamba Nthambi ndiye aliyekulea na kukusomesha wazazi wenu walipofariki, na kwamba kwa ajili hiyo hakupata nafasi ya kuolewa. Jambo hilo namheshimu nalo sana. Lakini leo nakuomba uhukumu kama serikali, si kama ndugu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila jioni, nikianza kuingiza makochi ndani, Sajini anafika. Hagusi mbao, hagusi sponji, hagusi yale makochi ya bei nafuu niliyofunika kwa kitambaa cha kawaida. Anapita moja kwa moja hadi kwenye seti ya mahameli nyekundu aliyoagiza Mwalimu Bartholomew wa Muthetheni, anajinyoosha, na anachana mkono wa kochi kwa kucha zake zote. Nilijaribu kumwekea kochi bovu mlangoni ili ashughulike nalo. Alilinusa, akanitazama kwa dharau, akaendelea na safari yake. Nthambi anamtetea. Anasema, "Huyu paka hana makosa, ni kiti yako iko na harufu ya mkonge." Ni kweli natumia mkonge chini ya sponji. Fundi asiyetumia mkonge ni mwizi.

2. Naomba serikali ichunguze jinsi paka huyu anavyovuka barabara. Wewe wajua malori yanavyopita hapa Kyumbi. Hata punda wa kuteka maji huvushwa kwa kelele na viboko. Lakini Sajini hufika kwangu akiwa mtulivu, nyayo safi, bila hata tone la mafuta ya gari kwenye manyoya. Haya si mambo ya kawaida. Sisemi kuna uchawi, mimi ni Mpresbiteri, ila nimeliweka mbele yako.

3. Paka akija, mwenye paka lazima amfuate. Hapa ndipo hasara yenyewe inapoanzia. Nthambi hawezi kumnyakua tu aondoke. Kwanza hunisalimu, kisha huuliza habari za mgongo wangu, kisha hukagua uharibifu wa siku. Baadaye hulazimika kukaa kwenye kochi hilo hilo na kumpapasa Sajini mpaka atulie, maana anasema paka aliyebebwa akiwa na hasira hulala vibaya. Sasa, mheshimiwa, mgeni ameketi kwako jioni, utamnyima chai? Nimeanza kununua maziwa tena. Tangu mke wangu aage dunia nilikuwa nakunywa ya rangi, na nilikuwa nimezoea. Msaidizi wangu Josphat naye siku hizi akimwona Nthambi tu anavua aproni, anaaga na kwenda zake akitabasamu, kazi iishe isiishe.

4. Badala ya fidia, mama huyu huleta vitambaa. Kwa kila mchano analeta kitambaa kimoja cha kuufunika, cheupe, kilichofumwa kwa sindano kwa ustadi ambao siwezi kuupinga. Michano ni mingi. Juzi Mwalimu Bartholomew alikuja kuona seti yake na hakuiona mahameli, aliona vitambaa tu kutoka mgongoni hadi miguuni. Aliuliza kama ameagiza makochi au nguo za arusi. Kabla sijajitetea alisema ni nzuri namna hiyo na zisitolewe hata moja. Nimetengeneza makochi tangu nikiwa kijana, na leo sifa anapewa paka.

5. Ili usiseme sikufanya juhudi zangu mwenyewe, nilimwandikia mpwa wangu Waithira, anayeosha mbwa za watu huko Amerika. Alinitumia pakiti ya vifuniko vya kucha za paka. Ni vitu vidogo vya mpira laini, kila ukucha na kofia yake, rangi nyekundu, pamoja na kichupa cha gundi. Aliandika pia maelezo. Kwanza unakata ncha ya ukucha, kisha unatia gundi kidogo ndani ya kifuniko, unakivisha, unakishikilia mpaka kikamate.

Maelezo hayo hayakusema kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mtu mmoja ampakate paka na kumbonyeza kidole taratibu hadi ukucha utokeze. Mwingine akate ncha tu, bila kufika pale palipo na rangi ya waridi, kwani hapo ndani kuna damu na uchungu. Ili kuiona hiyo waridi, vichwa viwili hukaribiana sana. Mimi nimekata mahameli, ngozi na turubai bila kutetemeka. Siku hiyo mkono ulitetemeka, na nasema wazi kwamba ni kwa sababu ya paka. Nilikata ukucha mmoja kupita kiasi. Damu ikatoka tone. Nthambi alichukua unga kidogo wa mahindi, akaubandika hapo mpaka damu ikakata, akamwambia Sajini pole, kisha akaniambia na mimi pole. Mimi ambaye nilikuwa nimekosea!

Tulipomaliza, Sajini alitembea akiinua kila mguu kama mtoto aliyevishwa viatu vipya vya Krismasi. Siku tatu hivi makochi yangu yalipumzika. Kisha vifuniko viwili vikapotea, ikabidi turudie. Waithira anasema ukucha hukua na kumenyeka, kwa hivyo ni lazima virudiwe kila mwezi au zaidi kidogo, maisha yote ya paka. Paka mwenye afya anaweza kufika miaka kumi na mitano. Ni nani, mheshimiwa, anaweza kujifunga na mwanamke mmoja na paka mmoja kwa miaka kumi na mitano bila mpango wowote rasmi?

6. Hili ndilo linalonichoma zaidi, na linakuhusu wewe mwenyewe. Ile damu ya ukucha ilinikosesha raha. Mimi ni mtu wa kuja hapa, ni Mkikuyu, na sikutaka isemwe kwamba nimeumiza mnyama wa nyumba yenu nikanyamaza. Ndiyo sababu Jumapili baada ya ibada nilichukua mbuzi mmoja nikamleta kwako, peke yangu, nikiwa na suti. Uliniuliza langoni mbuzi ni wa nini. Nilijibu kwa heshima kwamba ni kwa ajili ya Nthambi. Mkeo Mutindi akaziba mdomo kwa leso na kukimbilia jikoni. Wewe ulinishika bega, ukaniambia mbuzi wa namna hiyo hapokelewi kutoka kwa mtu aliyekuja peke yake, nirudi nikatafute wazee, wao watanieleza.

Wazee kwa ajili ya ukucha? Nilirudi na mbuzi wangu kwa kamba nikipita katikati ya soko lote la Kyumbi. Kila mtu alinisalimu. Wanawake wa mboga walipiga vigelegele. Mzee Mulwa, yule jirani yenu, alinipa mkono wa hongera na hakutaka kuuachilia. Nililala na aibu nisiyoielewa. Mpaka leo mbuzi amefungwa nyuma ya karakana anakula mkonge wangu. Hivyo paka anaharibu juu ya kochi na mbuzi anamaliza chini.

7. Kutokana na hayo yote naomba ofisi yako itoe amri ifuatayo. Sajini akatwe kucha na kuvishwa vifuniko na daktari wa mifugo wa serikali, si na watu binafsi wenye mikono inayotetemeka. Paka wote wa Kyumbi waandikishwe na wakaguliwe nyayo kila baraza. Paka asiye na vifuniko asionekane kando ya barabara kuu baada ya saa kumi na moja jioni. Mwenye paka naye apigwe marufuku kumfuata paka wake katika karakana ya mtu, ingawa kifungu hiki cha mwisho si cha lazima na unaweza kukiacha.

Nisalimie Mutindi na umwambie sina kinyongo kuhusu leso. Wasalimie watoto, karani wako, na Mzee Mulwa ukimwona kabla yangu.

Wako mtiifu mwenye makochi yaliyochanwa,
Gatimu

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Nthambi akaingia, akaichukua barua hii mezani na kuisoma yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye malalamiko ya pili alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia Sajini hajawahi kuvuka barabara ya Mombasa hata siku moja, anaogopa hata baiskeli. Ni yeye humbeba ndani ya kiondo chini ya nyuzi, anamwachilia nyuma ya mbao zangu, kisha anahesabu malori machache ndipo aje kumtafuta. Tangu mwezi wa Februari!

Baada ya hapo aliomba mkasi, akampakata paka, akakata ncha za vile vifuniko na kuviondoa kimoja kimoja. Mkono wake haukutetemeka. Akasema, "Paka haina kucha, mimi nitakuwa nakuja kufanya nini hapa?" Nilipika chai.

Kwa hivyo tafadhali futa malalamiko ya kwanza hadi ya saba. Daktari wa mifugo asisumbuliwe, na Sajini abaki na kucha zake zote. Mzee Mulwa amenikalisha chini akanieleza kwa upole mbuzi wa ntheo, yaani wa kuposea, ni nini kwa Wakamba, hupelekwa kwa nani, na hupelekwa na nani. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa ndugu zangu wanatoka Tala Jumamosi, Mzee Mulwa amekubali kutusemea, na mbuzi wangu amepata wenzake. Usiende popote siku hiyo. Tukiulizwa tena langoni mbuzi ni wa nini, jibu langu ni lile lile la kwanza.