Msikilizaji Haongei

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya leo heshima yangu ilinitoka mbele ya darasa la kwanza zima, na mpaka naandika haya haijarudi. Nimeumbuka, ndugu zangu. Na kwa kuwa Mama Sekela alikuwepo, ni bora mnisikie mimi kabla hamjamsikia yeye.

Naanza mwanzo, kwa utaratibu.

Mnanijua kama Fundi Ambokile wa Ibighi, mtu wa kuezeka mabati. Wasichokijua wengi ni kwamba napenda kusoma. Shule niliishia darasa la pili. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia dagaa, maelekezo ya mifuko ya saruji, na kamusi niliyoinunua mnadani, ambayo naisoma kuanzia A. (Sasa nipo M. Sina haraka.)

Lakini katika kusoma kwangu kote kuna jambo moja sijawahi kulipata. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akanisikiliza nikisoma kwa sauti. Mke wangu nilimjaribu. Ni mwanamke mwema, lakini nikifika sentensi ya pili anakoroma. Watoto wamekua, wako Mbeya na Dar es Salaam, na simu si mahali pa kusomea.

Nikiwa darasa la pili, kitabu kilikuwa kimoja kwa dawati zima, na zamu ya kusoma ilikwenda dawati kwa dawati. Nilingoja. Nilikariri ule ukurasa nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Siku ilipofika nikasimama, nikashika kitabu kwa mikono miwili, nikafungua mdomo, na mvua ikapiga bati. Mwalimu alinionyesha kwa kiganja: kaa, kesho. Kesho yake baba akanipeleka Kiwira kwa mjomba kuchunga. Sikurudi.

Ndiyo hivyo. Tuendelee.

Sasa, katika shule moja ya msingi upande wa Mpuguso yupo Mwalimu Atupele. Yeye ni mratibu wa kusoma. Hana darasa lake; madarasa yote ya chini ni yake. Anamwita mtoto mmoja mmoja, anamsikiliza, anajua huyu amekwama kwenye silabi na yule anakariri tu kwa kuangalia picha, kisha anawapanga upya na kuwaeleza walimu wenzake cha kufanya. Wenzake humtania kwamba analipwa kwa kukaa kimya. Wajaribu! Kumsikiliza mtoto akipambana na neno "mchanganyiko" bila kumsaidia ni kazi ngumu kuliko kubeba bati kwenye upepo. Nimefanya zote mbili.

Kwa kuwa watoto ni wengi na masikio yake ni mawili, aliomba wazazi na majirani wajitolee kusikiliza kila Jumatano. Nikajitokeza. Kanuni zake zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Msikilizaji haongei. Msomaji akikwama, msogelee, usimsomee. Akimaliza, mwambie: "Nimekusikia." Basi.

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniharibu. Mtoto anasoma akitoka jasho, anamaliza, unamwambia, "Nimekusikia," na mabega yake yanapanda kama mkate unaoumuka. Nililisema kila Jumatano, na kila Jumatano nilirudi Ibighi nikiwa na wivu. Mtu mzima, namwonea wivu mtoto asiye na meno ya mbele!

Kwa hiyo wiki hii nikapanga. Nilinakili aya nne za hadithi ya kobe aliyealikwa harusini, nikazikunja, nikaziweka mfuko wa shati. Nikapanga pia maneno ya kuombea. Ningengoja watoto watoke. Ningesema kwa sauti ya chini, faraghani, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Msomaji wangu leo alikuwa Tumpe. Ana miaka saba, sweta lenye kiwiko kimoja, na msimamo. Alikuwa katikati ya ukurasa, kidole chini ya neno, mvua ilipoingia.

Wageni wakija Tukuyu hudhani tunatia chumvi tukiwaeleza mvua yetu. Haipigi hodi. Ukungu unashuka mlimani, wewe unasema hii bado, na kabla hujamaliza kusema umelowa. Na darasa lile halina dari. Nalijua bati lile kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliezeka mimi. Michango ya wazazi iliishia kwenye misumari, dari ikaachwa mpaka fedha zipatikane, nazo bado ziko njiani.

Mwalimu Atupele akainua mkono. Watoto wote wakaacha kusoma, wakatazama juu. Wamezoea. Tumpe akaacha kidole chake palepale kwenye neno, asilipoteze.

Mwalimu akaja kusimama karibu na kiti changu. Nikatazama huku na huku. Hakuna anayeweza kusikia chochote. Kelele hii ni ukuta, nikajisemea. Faragha ndiyo hii. (Fundi gani anategemea ukuta wa maji?)

"Mwalimu, samahani," nikasema, "nilikuwa na ombi dogo, kama ratiba yako itaruhusu."

"Nini?"

"Nina ombi! Dogo! Kuhusu kusoma!"

"Sisikii, Fundi! Sema kwa nguvu!"

Maneno niliyoyapanga yote yakakimbia. Nikajaza kifua, kama ninapokuwa juu ya paa namwita msaidizi aliye chini aniletee nyundo, nikainama sikioni kwake, nikapiga ukelele:

"NA MIMI NISIKILIZE! HAKUNA ALIYEWAHI KUNISIKILIZA TANGU NIZALIWE! ZAMU YANGU HAIKUFIKA!"

Ndugu zangu, mvua ilikatika kwenye "nisikilize".

Haikupungua. Ilikatika, kama bomba lililofungwa. Yaliyofuata yote yalitoka katika ukimya mtupu, na "haikufika" ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi kuniangalia. Hata darasa la pili, upande wa pili wa ukuta, likanyamaza.

Tone moja likadondoka nje. Tulilisikia wote.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Mama Sekela. Huyu ni jirani yangu, anauza ndizi za kuchoma karibu na stendi, naye ni msikilizaji kama mimi. Alikuwa kona ya pili na mtoto wake wa kusikiliza.

"Ha! Fundi! Na mkeo yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," nikajibu.

(Kwa nini nilijibu? Sijui.)

Darasa likalipuka. Tumpe hakucheka. Alinitazama kwa masikitiko makubwa.

"Babu," akasema, "msikilizaji haongei."

(Nina miaka hamsini na mbili. Nimesamehe.) Kisha akanyoosha kidole ukutani, akaisoma kanuni yote, silabi kwa silabi, ili nisije nikabisha. Wiki iliyopita hakuweza kuisoma. Kwa hiyo aibu yangu imemfaa mtu.

Nilitamani Mwalimu Atupele acheke, yaishe. Hakucheka. Alivuta kiti cha jirani, akakaa, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kuulizia watoto:

"Zamu yako haikufika lini, Fundi?"

"Darasa la pili, Mwalimu."

"Ikawaje?"

"Mvua."

Akatazama bati, akanitazama mimi. Kisha akawageukia watoto.

"Zamu ya mtu isipofika, tunafanyaje?"

"Anapeeewaaa!" Mama Sekela naye alikuwamo katika kiitikio.

Nikajaribu kukataa. Nikasema nina kazi, nikasema miwani ipo nyumbani. "Ipo kichwani," akasema Mama Sekela.

Kigoda cha msomaji kimetengenezwa kwa mtu wa miaka sita. Nilipokaa, magoti yalipanda mpaka karibu na masikio. Tumpe akapanda kiti changu cha msikilizaji, miguu ikining'inia, mikono kifuani, akanitazama kama karani wa benki. Nikakunjua karatasi.

Nikaanza. Sauti iliyotoka si yangu. Ilikuwa nyembamba, ya yule mtoto wa majani ya ng'ombe. Mimi ninayesoma kamusi bila kujikwaa, nikaweka kidole chini ya maneno! Kobe akaalikwa. Kobe akafunga safari. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba kobe alijua amechelewa, lakini hakugeuka. Ni maneno mepesi, hakuna silabi ngumu hata moja. Nikakwama.

Nikajaribu tena. Nikakwama tena.

Nilijua watacheka. Nikangoja wacheke. Badala yake nikasikia kiti kinaburuzwa kwenye sakafu. Tumpe alikuwa ameshuka, akakisukuma kiti kwa mikono miwili mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akapanda tena, akafunga mikono. Alingoja tu.

Ndugu zangu, kile kiti nimekingoja kisogee karibu miaka arobaini na mitano.

Nikasoma. Safari hii sauti ilikuwa yangu. Kobe akapita mtoni, akapita kwenye migomba, akakuta wageni wanarudi wamebeba nyama zao, wakamwambia ameshachelewa, arudi. Akaendelea. Mama Sekela aliacha kutafuna. Kuna mtoto alisema, "Masikini kobe," akanyamazishwa na dawati zima. Nikafika aya ya mwisho. Kobe yuko mlangoni, taa bado inawaka ndani. Imebaki sentensi moja. Nikavuta pumzi, niisome vizuri, kwa heshima zake zote.

Mvua ikapiga bati.

Nikaisoma! Naapa niliisoma. Niliona midomo yangu ikienda. Tumpe akatikisa kichwa, akainama sikioni kwangu:

"BADO SENTENSI MOJA!"

"NIMEISOMA!"

"SIJAISIKIA!"

Nikangoja aniambie lile neno hata hivyo, kwa huruma. Hakuniambia. Kanuni ni kanuni. Neno lile ni la aliyemaliza.

"NJOO JUMATANO!" akasema, akashuka kitini.

Nikabaki kwenye kigoda, natazama juu. Mabati yangu. Kila msumari pale naujua ulivyoingia. Bati la namna hiyohiyo lilinifunga mdomo nikiwa mtoto, nami nikakua, nikajifunza ufundi, nikaenda kulipigilia juu ya vichwa vya watoto wengine, tena kwa ustadi, nikasifiwa. Chini yake watoto wamekaa na vidole vyao kwenye maneno, wanangoja ruhusa ya mawingu.

Na hapo, kabla akili haijatoa maoni, mdomo ukasema:

"NITAWEKA DARI!"

Mvua ilikuwa imepamba moto. Ombi langu nililisema mara mbili halikusikika. Hili nililisema mara moja. Wote walisikia! Mwalimu Atupele akapiga makofi. Mama Sekela akaitikia kutoka kona yake, "Ndaga fijo, Fundi! Shukrani nyingi! Kwa gharama yako, siyo?" Na Mwalimu Mkuu akatokea mlangoni na mwavuli kuja kunipa mkono. (Ofisi yake iko ng'ambo ya uwanja.)

Jioni nimemweleza mke wangu. Nimempigia hesabu ya mbao, ya siling bodi, ya misumari, nikasema ufundi ni bure kwa kuwa fundi ni mimi. Amesikiliza mpaka mwisho bila kukoroma. Ndiyo mara ya kwanza.

Kisha akauliza, "Na hiyo hadithi uliimaliza?"

"Imebaki sentensi moja."

"Basi nisomee mimi," akasema.

Nikaenda kutafuta miwani. (Ilikuwa kichwani.) Niliporudi na karatasi yangu, alikuwa amelala palepale kwenye kiti, kitenge mabegani. Nikakaa karibu naye, nikaisoma ile sentensi kwa sauti ya chini, nisimwamshe.

Jumatano naipeleka kwa anayenidai. Naomba msicheke. Ila kama mtacheka, mjue mnacheka kitu cha thamani: aya nne za kobe, pungufu sentensi moja, kwa bei ya dari, shilingi laki tano na elfu thelathini na tano.