Balbu ya Makofi na Wakwe wa Igalula

Leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kusahau kufunga zipu, hiyo nimeshaizoea. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, sebuleni kwangu mwenyewe, chini ya taa niliyoinunua mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu. Hapa ninapoandika nimekaa uani juu ya ndoo ya asali (imefungwa vizuri, wateja wangu msiwe na wasiwasi), na huko ndani bado wanacheka.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Mke wangu Neema ni mjamzito, mimba yetu ya kwanza, na siku zimekaribia. Kwao ni Igalula. Kwenye ukoo wao mtoto wa kwanza anazaliwa kwa bibi yake, na mama akishajifungua anakaa hukohuko mpaka mtoto akaze shingo. Maana yake mimi nibaki hapa Tabora mwenyewe, nile chipsi za stendi kila siku na mwanangu nimwone kwenye picha za simu. Sikutaka kabisa. Neema naye hakutaka, akampigia mama yake akamwomba ajifungulie hapa mjini.

Mama mkwe akajibu, "Kwanza nije niione hiyo nyumba. Nasikia ina giza mchana kweupe. Mjukuu wangu hafungui macho gizani."

Nyumba kweli ina giza. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa stoo ya jirani, na balbu iliyokuwepo ilikuwa inatoa mwanga wa kibatari. Kwa hiyo asubuhi, niliposikia wako njiani, nikaamua kulifuta kabisa hilo neno "giza" mdomoni mwa mama mkwe. Nikaenda mjini kutafuta balbu janja. (Ya kawaida ingetosha. Najua! Mngekuwepo mngeniambia.)

Dada wa duka la umeme akaniwekea tatu juu ya meza.

"Hii unaiunganisha na simu," akasema. "Unaiwasha hata ukiwa Dodoma."

"Niiwashe nikiwa Dodoma, ili iweje?"

"Watu wanapenda tu. Ila inataka intaneti."

Nikaisogeza pembeni. Bando langu lenyewe linaisha kabla sijamaliza kuangalia harusi za watu. Sitaki mama mkwe akae gizani kwa sababu mimi nimeangalia magoli.

Ya pili ilikuwa na rimoti. Nikafikiria rimoti ya televisheni yetu, ambayo hatujaiona tangu tuhamie. Nayo nikaisogeza pembeni.

Ya tatu ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. "Hii inasikia," dada akasema, akaifunga kwenye holda yake ya majaribio. Akapiga makofi mawili. Ikawaka! Mawili tena, ikazima. Akaiwasha, akapiga matatu, ikageuka kijani. Mimi mdomo wazi.

"Na ukiyafululiza?"

"Inacheza disko. Hiyo ni ya sherehe."

"Mimi na disko wapi na wapi, dada yangu. Nifungie."

(Hapo nilitakiwa kujiuliza swali moja dogo sana: wageni wangu ni watu wa namna gani? Sikujiuliza. Nilikuwa nafurahia bei.)

Nikafika nyumbani, nikaifunga juu katikati ya sebule. Halafu nikavuta yale mapazia mazito tuliyozawadiwa kwenye harusi, nikaziba hata kile kimwanga kidogo cha dirishani, ili taa yangu ipate heshima inayostahili. Nikapiga makofi mawili. Sebule ikang'aa kama duka la dhahabu. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha. Nimecheka mwenyewe kama mwendawazimu.

Neema akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwani swichi imeharibika?"

"Swichi ni mambo ya zamani, mke wangu."

Akanitazama, akatazama balbu, akarudi kwenye wali wake. Na hiyo swichi ya zamani iko ukutani, juu kidogo ya egemeo la kochi kubwa. Naomba mlikumbuke hilo kochi.

Mchana bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mama mkwe na kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani na kuku amemkumbatia kwapani, amefungwa miguu. (Kuku, si mama mkwe.) Nyuma yake akashuka Mjomba Shija, kaka yake mama mkwe, msemaji wa ukoo, koti la suti juani. Nikawapokea mizigo, nikawakaribisha ndani. Nilikuwa nimeiacha taa inawaka, nyeupe, safi.

Mama mkwe akasimama mlangoni, akainua macho.

"Hee! Kumbe pana mwanga."

Jamani, nilisikia raha mpaka kwenye visigino. Nikamwona Neema amejiegemeza kwenye mlango wa jikoni anatabasamu. Nikasema moyoni, tumeshinda, mwanangu anazaliwa Tabora.

Mama mkwe akaenda akakaa kwenye kochi kubwa, chini ya swichi kabisa. Kuku akawekwa kando ya mlango, kapu likabaki mbele ya kochi. Mjomba Shija akachukua kiti cha pembeni. Ikabaki salamu.

Sasa kwa wasiojua: kwenye ukoo wa mke wangu mambo ya zamani hayajafa. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Hakai naye kochi moja, hali naye sahani moja, hata kupita karibu yake ni mpaka aombe radhi. Anachuchumaa kwa mbali, anainamisha macho, anapiga makofi ya viganja taratibu, mawili, ndipo anasalimia.

Mmeshaona linakokwenda, eeh? Mimi sikuona.

Nikachuchumaa. Nikainamisha macho. Paa, paa.

Giza!

"Shikamoo mama," nikasema gizani.

"Marahaba," sauti ikajibu. "Umeme umekatika?"

"Eeh, huku kwetu... unakatika katika."

Mjomba Shija yeye hakujali giza wala nini, heshima kwanza. Akaitikia salamu yangu inavyompasa mkubwa: paa, paa. Taa ikawaka.

"Umerudi!" mama mkwe akafurahi. "Wabeja, Mungu wetu, wabeja!" Na kwao huwezi kusema wabeja, yaani asante, mikono ikiwa imelala. Akapiga makofi matatu.

Sebule nzima ikawa kijani.

Mjomba akatazama mikono yake, ya kijani. Akamtazama dada yake, wa kijani. Akanigeukia mimi.

"Mkwe, huu umeme wa Tabora mnauchanganya na nini?"

"Ni... ni taa za kisasa, mjomba. Rangi hiyo inapumzisha macho."

(Uongo wangu wa pili ndani ya dakika moja, na wali ulikuwa bado haujaletwa.)

Wenye akili huko mnauliza, si ungezima tu ukutani? Ningezima vipi? Swichi iko juu ya bega la mama mkwe! Ili niifikie lazima nimwinamie, kifua changu kipite mbele ya uso wake. Kwao hilo ni kosa la kutozwa mbuzi mzima. Kumwambia mjomba anizimie nako ni kukiri mbele ya ukoo kwamba nyumba imenishinda, na ukaguzi wenyewe ndio ulikuwa huo. Nikasema ngoja nitulie. Wasipopiga makofi tena tutakula salama, hata kama ni wali wa kijani.

Mama mkwe akajirekebisha kwenye kochi. "Basi kabla ya yote, tumshukuru Mungu, tumefika salama."

Nikavuta pumzi. Sala haina makofi. Sala ni kufumba macho na kusema amina.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama mkwe ni kiongozi wa kwaya ya Wamoraviani kijijini kwao, na kwake yeye shukrani haianzi mpaka wimbo uanze. Akakohoa kidogo. Akanyanyua mikono. Nikamwita Neema kwa macho, Neema akawa ameshafumba yake.

Wimbo ukaanza, na makofi. Mfululizo!

Disko.

Nyekundu, bluu, zambarau, kijani, nyekundu, zinakimbizana ukutani, zinapita juu ya picha yetu ya harusi. Mama mkwe anaimba amefumba macho, haoni kitu. Mjomba Shija anaitikia sauti ya pili huku jicho moja liko wazi linanitazama. Kuku akaamka, akaanza kupigapiga mabawa sakafuni, na nadhani balbu ikamhesabu naye kuwa mwanakwaya, maana iliongeza kasi.

Neema akafumbua macho. Akaona. Akashika tumbo kwa mikono miwili, akajikunja. Mimi roho ikaniruka, nikajua uchungu umeanza. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka anateleza chini kwenye fremu ya mlango taratibu.

Hapo nikafanya uamuzi wa kiume. Nikachukua stuli, nikaiweka katikati ya sebule, nikapanda niifungue ile balbu kwa mkono. Nikanyoosha mkono. Vidole vinakaribia. Na wimbo ndipo ukaisha, mama mkwe akaumalizia kwa makofi yake mawili mazito ya mwisho.

Giza totoro.

Niko juu ya stuli, sioni mbele wala nyuma. Nikashusha mguu kutafuta sakafu. Mguu ukakuta kapu. Michembe ikamwagika, stuli ikaenda upande wake, mimi nikaenda wangu. Nikapaa kidogo, nikatua mahali laini. Nikamshukuru Mungu. Nikasema moyoni, afadhali nimeangukia mto wa kochi.

Mto ukavuta pumzi.

"Nani huyu?" mto ukauliza.

Nilikuwa naomba umeme wa nchi nzima ukatike usirudi mpaka wiki ijayo. Mjomba Shija kwa mshtuko akapiga makofi, "Haya, haya! Nini tena?"

Taa ikawaka. Nyekundu.

Picha yenyewe ilikuwa hivi: mimi, mwanaume mzima, mwenye ndevu, baba mtarajiwa, nimekaa mapajani mwa mama mkwe. Mikono yangu yote miwili shingoni mwake. Nisiyeruhusiwa hata kumpa mkono!

Nikajitoa pale polepole, nikaenda kuchuchumaa kwenye kona, macho sakafuni. Hapo utani ulikwisha kabisa. Nikajua nimeharibu. Nikaanza kuona begi la Neema likifungwa, bajaji ikirudi, na mimi nikibaki na hii balbu. Machozi yalinilengalenga, sidanganyi.

"Hapa kuna mbuzi," Mjomba Shija akasema kwa sauti ya kikao.

"Ngoja kwanza na mbuzi wako," mama mkwe akasema. Akajipangusa kitenge. Nikamwona mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Halafu kikatoka kicheko, kicheko kirefu cha mtu wa kwaya, mpaka kuku akanyamaza.

"Neema!"

"Abee, mama."

"Mimi nilikuja kukuchukua. Ukweli ndio huo. Ya kukagua nyumba nilisema tu, mizigo yako nilishaipangia hadi pa kukaa."

Neema akaacha kucheka. Mimi nikafumba macho.

"Lakini huyu mumeo," akaendelea, "taa imemshinda kuwasha, imemshinda kuzima. Amepanda kigoda mpaka akaanguka kwa kutuonea aibu sisi wageni. Nikikuchukua wewe, huyu nani atamtazama? Tutarudi tukute ameungua."

"Kwa hiyo nabaki, mama?"

"Unabaki. Utajifungulia hapa."

Nilinyanyua mikono nishangilie. Neema alivuka sebule kwa mwendo ambao sikujua mjamzito anaweza, akanikamata viganja vyote viwili kabla havijakutana.

"Asante sana, mama," nikasema nikiwa nimeshikwa hivyohivyo. "Mungu akubariki. Sitakusahau."

"Hutapata nafasi ya kunisahau," mama mkwe akasema. "Na mimi nabaki. Shija, ukifika nyumbani nifungie nguo zangu zote, na godoro. Nitakaa mpaka mtoto akaze shingo, halafu tutaangalia na ya huyu."

Sasa hivi ameshachagua chumba. Ni chumba chetu. Neema atalala naye, mimi nimepewa kochi, na mbuzi wa mjomba bado anadaiwa. Nimewasikia wanajadili jikoni asali yangu ya biashara ihamishiwe wapi ili pale stoo kwetu pawekwe jiwe la kusagia.

Kwa hiyo jamani, msinicheke. Niliomba mke wangu abaki, nikakubaliwa papo hapo. Kosa langu ni kutofafanua kwamba abaki peke yake.